Ulimi, pua na sinia: maswali na majibu kuhusu ladha na ulaji

Presha na kisukari siku hizi ni mazungumzo ya kila baraza, Unguja na Pemba. Ushauri nao tumeshauzoea: punguza chumvi, punguza sukari, kula mboga. Ni ushauri sahihi, ila hauelezi kwa nini mtu anaukubali asubuhi kwa moyo mmoja, kisha usiku akipita kwa wauza vyakula wa Forodhani, moshi wa mishkaki ukimpiga usoni, anausahau wote.

Ladha si kazi ya ulimi tu?

Ulimi una sehemu yake, nayo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Unatambua ladha tano za msingi: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya supu au dagaa iitwayo umami, ambayo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908. Ile picha tuliyochoreshwa skuli, ncha ya ulimi kwa utamu na nyuma kwa uchungu, si ya kweli. Kila sehemu yenye vipokezi vya ladha hutambua zote tano.

Kinachobaki, kwamba hii ni iliki na ule ni mdalasini, huyu ni changu na yule ni kuku, unakijua kwa pua. Unapotafuna, harufu hupanda kwa nyuma ya koo mpaka puani. Ukitaka ushahidi, bana pua upige funda la chai ya iliki. Utapata sukari na moto, basi. Achia pua, na iliki inakuja hapo hapo. Ndiyo maana mwenye mafua makali hulalamika kuwa pilau haina ladha, hali mpishi hakukosea kitu.

Mbona tunda la doriani linanuka vile na watu wanalinunua?

Kwa sababu ubongo hausomi kwa namna moja harufu inayoingia kwa mbele ya pua na ile inayopanda kutoka kinywani. Kuna na mazoea: aliyekulia nyumba inayopikwa papa mkavu husikia njaa pale ambapo mgeni hutafuta mlango. Mambo huenda na kinyume chake pia. Mtu akila pweza kisha akatapika usiku, anaweza kumchukia pweza miaka mingi, hata kama ugonjwa ulitoka kwenye maji aliyokunywa. Mwili hauna subira ya kufanya uchunguzi.

Pilipili je, ni ladha?

Hapana, ni maumivu. Kemikali yake, kapsaisini, huamsha vipokezi vile vile vinavyotambua moto. Mmarekani David Julius ndiye aliyekigundua kipokezi hicho, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Maji hayaizimi, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Maziwa au mtindi husaidia zaidi. Karafuu nayo hugusa mishipa ya fahamu kwa njia yake: yuginoli iliyomo hutia ganzi, na ndiyo sababu watu huitafuna jino likiuma.

Nimeshiba biriani mpaka siwezi tena. Halua inapata wapi nafasi?

Tumbo limejaa kweli, lakini lililochoka zaidi ni hamu ya ladha ile ile. Kila tonge la kitu kimoja hupunguza raha ya kitu hicho, huku raha ya vitu vingine ikibaki karibu palepale. Watafiti waliithibitisha hali hii mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mezani inageuka kuwa hesabu rahisi: aina zikizidi, mtu hula zaidi.

Sasa tazama futari. Tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, sambusa, bhajia, tambi za sukari, kaimati, na pembeni jagi la juisi ya ukwaju. Ulimi ukichoka na chumvi, utamu upo. Ukichoka na laini, sambusa inakatika menoni. Kila sahani inakufungulia hamu upya, na aliyefunga tangu alfajiri anakula mpaka tarawehe inakuwa nzito. Tena vingi kati ya hivyo vilinunuliwa saa kumi jioni, wakati njaa inafanya kila kitu kipendeze. Sisemi futari iwe kavu. Nasema vitu vitatu vilivyopikwa vizuri vinatosha, na orodha ya kununua iandikwe baada ya daku, tumbo likiwa limetulia.

Kwa nini urojo huliwa haraka hivyo?

Mwangalie muuzaji anavyoupanga: kachori, bhajia, mbatata, mchuzi wa manjano wenye uchachu, chatne, pilipili, halafu juu kabisa anamwaga muhogo uliokaangwa mkavu. Ule mlio wa muhogo ni sehemu ya ladha. Kinachokatika kwa sauti, ubongo hukiona kipya na kizuri. Vilivyo chini yake ni laini na havidai kutafunwa, na chakula laini hushuka kabla habari ya shibe haijafika kichwani. Njia nyepesi ya kujizuia ni kuagiza bakuli dogo na kukaa chini kulila.

Mama yangu ana presha. Daktari kamwambia apunguze chumvi, na kila nikimpikia anasema nampa chakula cha hospitali.

Usigombane naye, kwani hadeki. Vipokezi na ubongo wake vimezoea kiwango fulani, na chini ya hapo chakula kweli ni chapwa. Mazoea haya hubadilika: chumvi ikipunguzwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, mtu huanza kuona chakula chake cha zamani ndicho kilichozidi. Kosa letu ni kuikata yote siku moja. Anakula chapwa siku tatu, ya nne anaomba kopo la chumvi.

Punguza kidogo kidogo, na kila unapoitoa chumvi tia kitu kingine. Jiko letu halina uhaba. Ndimu na ukwaju vinaupa ulimi uchachu unaoficha pengo la chumvi. Samaki wa chukuchuku mwenye ndimu, tungule, kitunguu thomu na pilipili mbichi anahitaji chumvi kidogo sana. Bizari nzima ikikaangwa kidogo kabla ya kusagwa hutoa harufu zaidi. Tui nalo hupendeza ila lina mafuta mazito, kwa hiyo acha kasimile, tumia tui jepesi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, ikihesabiwa na iliyomo ndani ya boflo, ng'onda na vidonge vya supu. Ng'onda ilowekwe, na maji yamwagwe. Kuhusu chumvi mbadala zenye potasiamu, muulize daktari kwanza, hasa kama figo zake zina tatizo.

Na sukari?

Njia ni hiyo hiyo: punguza nusu kijiko kila wiki. Jua pia kwamba baridi huzima utamu. Ndiyo maana soda iliyopoteza ubaridi huonekana imezidi sukari, na juisi ya barafu hutiwa nyingi bila mtu kushtuka. Onja juisi kabla ya kuitia barafu.

Mtoto wangu hataki mchicha kabisa.

Watoto huzaliwa wakipenda utamu na kuukwepa uchungu. Ni kinga ya maumbile dhidi ya sumu. Mboga hujifunzwa. Kazi huanza mapema, kwani ladha za anachokula mama hupita kwenye maji ya uzazi na maziwa yake. Baadaye mpe kidogo, mara kwa mara, bila fimbo wala ahadi ya biskuti. Huenda akahitaji kuonja mara kumi au zaidi, na wazazi wengi hukata tamaa ya tatu. Akuone na wewe unakula.

Bibi yetu hana tena hamu ya chakula.

Kunusa hupungua na umri. Dawa nazo huchangia: metformini ya kisukari huweza kumpa mtu ladha ya chuma mdomoni, na kaptoprili ya presha huweza kuharibu ladha. Asiache dawa mwenyewe, amweleze daktari. Akaguliwe meno na kinywa. Ongeza viungo na harufu kwenye chakula chake badala ya chumvi, na asile peke yake. Aliyepoteza uwezo wa kunusa ghafla, au anayepungua uzito, apelekwe hospitali. Kitoweo cha jana bibi asikipime mwenyewe kwa kunusa, na jiko la gesi likaguliwe na mtu mwingine kila usiku.