Floraidi kwenye maji ya kunywa: ni nini, inadhuru vipi na inapimwaje

Floraidi ni madini yanayotoka kwenye miamba na kuyeyuka ndani ya maji. Haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vinavyopatikana visimani huwezi kuionja. Kidogo chake huzuia meno kuoza, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi, hudhuru meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na chanzo kingine cha maji, kisha ikashusha kiwango hadi 1.5.

Tatizo hili limeshika Bonde la Ufa, kwenye miamba ya volkano: miteremko ya Mlima Meru, Arusha, Manyara, Singida, na upande wa Kenya, Nakuru, Naivasha na Baringo. Kalsiamu hukamata floraidi na kuituliza chini, kwa hiyo maji yenye kalsiamu kidogo ndiyo hubeba floraidi nyingi. Mara nyingi ni yale yale yanayosifiwa kwa kutoa povu la sabuni haraka. Pia visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kupishana sana, hivyo jibu la kisima cha jirani lisikutoshe.

Anayeumia kwanza ni mtoto. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni hadi karibu miaka 8. Floraidi ikizidi kipindi hicho, meno huota na mistari au madoa meupe kama chaki, na yakiathirika zaidi hugeuka kahawia na kumeguka. Doa hilo halitoki kwa mswaki, na ni vibaya kumwambia mtoto kwamba hapigi mswaki. Viwango vikubwa zaidi vikinywewa miaka mingi huingia kwenye mifupa: viungo hukakamaa, mgongo huuma, na miguu ya watoto inaweza kupinda.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini floraidi hubaki sufuriani huku maji yakipungua: lita 5 zenye miligramu 2 kwa lita, zikichemka hadi zikabaki 4, zina miligramu 2.5 kwa lita. Klorini, kitambaa, mchanga na chujio la udongo navyo haviiondoi. Magadi ya kulainishia maharage au makande huongeza floraidi, hasa yanayotoka Ziwa Natron.

Dawa ni kupima. Tumia chupa safi ya plastiki ya nusu lita. Ya kioo haifai, kwa sababu floraidi hushikana na kioo. Endesha pampu dakika 5 hadi 10 ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, jaza, funga, kisha andika chanzo, tarehe na saa. Peleka maabara ya ubora wa maji ya mkoa, na uwaambie kama maji yametiwa klorini, kwa sababu klorini huvuruga kipimo cha rangi, yaani kile kinachosoma floraidi kwa rangi ya maji yaliyotiwa dawa. Kipimo cha elektrodi, yaani kijiti cha umeme kinachotumbukizwa majini, ni bora zaidi, mradi maabara itie kwanza ile dawa ya kuachia floraidi iliyoshikwa na chuma au aluminiamu, la sivyo jibu litatoka dogo kuliko hali halisi. Dai namba, usikubali neno “salama” peke yake. Pima kiangazi na masika.

Namba ikiwa 3, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, na utafika 1.5. Mchanganyiko huo ni wa kunywa, kupikia na kukorogea maziwa ya mtoto. Kuoga na kufua tumia ya kisima. Ikizidi hapo, chujio la mkaa wa mifupa ya ng’ombe linafanya kazi vizuri. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arumeru, kimeutafiti mkaa huo kwa miaka mingi. Vunja punje moja ya mkaa uitazame. Ikiwa nyeupe, iliungua kupita kiasi na haitashika floraidi ya kutosha. Mfupa ambao haukuiva hutoa maji ya manjano yenye harufu. Mkaa mzuri ni mweusi au kijivu, lakini nao hushiba, na ukishashiba maji hutoka maangavu vile vile, yakiwa na floraidi yote. Pima maji yanayotoka kwenye chujio kila baada ya miezi michache, na jibu likikaribia 1.5, badilisha mkaa.