Je, wajua kwa nini ndege huukabili upepo inapopaa na inapotua?

Ukiishi Kampala humkosi kaloli, yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayeshinda majalalani. Mwangalie anapotaka kuruka kutoka chini: huugeukia upepo, hupiga mbio hatua kadhaa, akatandaza mabawa na kunyanyuka. Rubani wa Entebbe hufanya vivyo hivyo, ila chombo chake huweza kuwa na uzito wa tani zaidi ya 200.

Mabaharia wa pwani huuita upepo unaokuja usoni upepo wa omo, na ule unaosukuma kwa nyuma upepo wa tezi. Jahazi huupenda wa tezi. Ndege nayo huufurahia ikishafika juu, maana huiwahisha safari, lakini karibu na ardhi huukimbia.

Sababu ni kwamba bawa halijali magurudumu yanakimbia kiasi gani. Linachojali ni kasi ya hewa inayolipitia. Tuseme ndege inahitaji hewa ipite kwa kasi ya kilomita 260 kwa saa ndipo inyanyuke. Ukivuma upepo wa omo wa kilomita 30, magurudumu yatahitaji 230 tu. 30 nyingine zimeletwa bure. Ukiwa wa tezi, yatabidi yafike 290, na barabara inazidi kuliwa. Ndiyo maana ndege nyingi za abiria zimewekewa kikomo cha upepo wa tezi, mara nyingi kama kilomita 18 hadi 28 kwa saa.

Kwenye kutua tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nguvu ambayo breki hulazimika kuimaliza hukua kwa mraba wa kasi. Ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 270 ina nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ile inayogusa kwa 210. Na breki haziko peke yake. Magurudumu yakishagusa, vibao vilivyo juu ya mabawa husimama wima ili bawa liache kubeba, uzito wote uangukie magurudumu na breki zishike. Kisha injini huelekeza sehemu ya hewa yake mbele. Ule mngurumo unaomfanya jirani yako ashike kiti ni huo, na ni wa kawaida kabisa.

Entebbe ina jambo lake la ziada. Uwanja uko mita 1,155 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 10. Hewa hafifu hulibeba bawa kwa shida, na injini nazo hupungukiwa nguvu, kwa hiyo ndege hukimbia zaidi kabla ya kupaa. Barabara kuu ya kurukia ina urefu wa mita 3,658, na hiyo si anasa.

Barabara hiyo ina majina mawili, 17 na 35. Ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: ukielekea nyuzi 170, yaani karibu kusini, unatumia 17, ukigeuka kuelekea kaskazini ni 35. Hapo Ziwa Victoria huingilia kati. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja kuijaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo ndege ya alfajiri na ya alasiri zinaweza kupaa zikipeana mgongo.

Upepo ukigeuka ghafla, mnara wa waongoza ndege huweza kuiamuru ndege iliyokwisha kupanga foleni upande mmoja iende upande wa pili. Abiria huanza kunung'unika, kumbe nje, kwenye mlingoti, kile kifuko cha upepo kimegeuka zamani.