Laptopu kuukuu si lazima itupwe
Wengi huamini laptopu ikishafika miaka 7 au 8, kuitengeneza ni kutupa pesa. Si kweli. Angalia kilichoharibika, si umri. Mashine inayochukua dakika nzima nzima kuwaka mara nyingi ina diski ngumu ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka. Ukiweka SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) mahali pake, utadhani umenunua nyingine. Betri, kibodi na feni nazo hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko mashine mpya. Ubao mama (bodi kuu inayounganisha sehemu zote za mashine) ukimwagikiwa maji, hapo mimi ningeacha: fundi anaweza kuuwasha leo, kutu ikaendelea kuula ndani kwa ndani. Hamisha mafaili yako mapema. Na betri iliyovimba mpaka ikainua kibodi haisubiri: zima, usichaji, itolewe na fundi.