Uigaji si utabiri, wala si uigizaji

Juzi nimemsikia tena mtangazaji akisema kompyuta za jeshi "zimetabiri" shambulio la anga litafanikiwa hata hewa ikichafuka. Jamani, hazikutabiri. Ziliiga.

Uigaji wa kompyuta ni kuziandika kwa hesabu kanuni za kitu, tuseme bomu linavyoanguka, upepo unavyolisukuma na wingu linavyoziba shabaha, kisha kuiachia mashine iziendeshe mara elfu, kila mara ukibadilisha kidogo upepo au wingu. Basi.

Linaloniudhi ni maneno. Mzizi ni iga. Ukiutia kauli ya kutendesha unapata igiza, na mwigizaji anaujua mwisho wa mchezo kabla hajapanda jukwaani. Anayeiga upepo haujui mwisho wake, angeujua asingeiga. Tabiri nalo tumelitoa kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya kufasiri, hasa ndoto. Mtabiri husema kwa -ta-: kesho itanyesha. Uigaji husema kwa -ki-: ikinyesha, hiki, isiponyesha, kile. Sarufi yetu imeshatenganisha, sisi ndio tunaochanganya.

Nakubali, utabiri wa hewa nao hupikwa kwa uigaji. Ila huanza na hewa iliyopimwa leo, ilhali mwigaji wa mashambulio anaruhusiwa kuanza na hewa ambayo haijawahi kuwapo. Ukoo wao ni mmoja kweli: ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliundwa ili kulikokotolea jeshi la Marekani majedwali ya kulengea mizinga, na mwaka 1950 ikapewa hesabu za hali ya hewa. Hesabu ya saa 24 mbele ilichukua takriban saa 24, yaani kesho ilifika pamoja na utabiri wake!

Na hiyo -ki- ina uzito. Tarehe 24 Novemba 1944, ndege za Marekani za kudondosha mabomu, aina ya B-29, zaidi ya 100 ziliondoka kwenda kupiga kiwanda cha injini za ndege cha Musashino, Tokyo. Kwenye kimo cha meta 9,000 hivi zilikumbana na upepo mkali ajabu, chini mawingu, na mabomu yaliyokipata kiwanda yalikuwa machache. "Upepo ukiwa hivi je?" ndilo swali la mwigaji.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, siku nyingine jaribu hivi: "Katika uigaji, mawingu yakitanda, bomu linaloongozwa kwa leza hupoteza shabaha." Sentensi haijarefuka sana.