React, Vue, Angular au Svelte: inajuaje kwamba data imebadilika?

"Kaka, nianze na React au Vue?" Hizi ni fremuweki, yaani mifumo iliyo tayari ya JavaScript ya kujengea kurasa za wavuti. Swali hili huniijia karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza bado hajaweza kuandika fanksheni ya JavaScript ya kuchuja orodha. Jibu langu huwaudhi wengi: usianze na yoyote kati ya hizo. Kwanza tengeneza ukurasa mmoja wenye usumbufu wa kutosha bila fremuweki, ndipo urudi tuchague.

Ukurasa ninaopenda kuwapa ni wa kuchagua viti vya basi, tuseme la Dar es Salaam kwenda Arusha. Abiria akigusa kiti namba 14, rangi ibadilike, jumla ya nauli iongezeke, nafasi ya kuandika jina ijitokeze na kitufe cha kulipa kiwashwe. Akigusa tena, yote yarudi yalivyokuwa. Kwa kiti kimoja utamaliza upesi na kujiona fundi. Ngoja sasa achague viti vitatu, aandike majina yote matatu, kisha aachie kiti cha katikati. Jina lipi lifutwe? Na seva ikileta taarifa kwamba kiti chake cha mwisho kimeshalipiwa na mtu mwingine? Kila tukio linataka kugusa sehemu nne za ukurasa, na ukisahau moja tu, jumla inaonyesha nauli ya viti vitatu wakati vilivyobaki ni viwili.

jQuery, maktaba ya JavaScript iliyotoka mwaka 2006, ilirahisisha sana kuugusa ukurasa, lakini mzigo wa kuhakikisha kila kitu kinakubaliana uliendelea kuwa wako. Fremuweki za leo zinakutua mzigo huo. Unaandika kwamba viti vilivyochaguliwa ni hivi, unaeleza ukurasa uonekaneje kwa orodha hiyo, na yenyewe inafanya kazi ya kuusawazisha. Orodha ndiyo ukweli, skrini ni kivuli chake. React, Vue, Angular na Svelte zote zinakubaliana hapo. Zinapoachana ni kwenye swali moja: fremuweki inajuaje kwamba data imebadilika? Ukilielewa jibu la kila moja, tabia zake nyingi za ajabu zinaacha kuwa za ajabu.

React, iliyotolewa na Facebook kwa umma mwaka 2013, haichunguzi data yako hata kidogo. Inasubiri uiambie. Unaita fanksheni ya kubadilisha hali, yaani data ambayo ukurasa unaitegemea, nayo inaiendesha upya komponenti yako (kipande cha ukurasa ulichokiandika) kuanzia juu hadi chini, inapata maelezo mapya ya ukurasa, inayalinganisha na ya awali, kisha inagusa pale tu palipotofautiana. Ndiyo maana anayeanza hukwama mahali palepale: anachukua orodha ya viti, anaongeza cha 14 kwa push, amri ya JavaScript ya kuongeza kitu mwishoni mwa orodha, anairudisha orodha hiyohiyo kwa React, na skrini haitikisiki. React imeangalia tu kama imepewa kitu kingine. Imekuta ni kilekile, ikaendelea na mambo yake. Lazima uipe orodha mpya, yaani nakala yenye kiti kilichoongezwa. Kwa wengi hii ni kero. Mimi naiona kama malezi mazuri, kwa sababu inakulazimisha ujue tofauti kati ya kubadilisha kitu na kutengeneza kingine, na maarifa hayo utayatumia popote.

Vue imechukua njia nyingine. Evan You aliitoa mwaka 2014 baada ya kufanya kazi Google, na tangu toleo la 3 la mwaka 2020 inaifunika data yako kwa Proxy, chombo kilichomo ndani ya JavaScript yenyewe. Kila unaposoma au kuandika thamani, Vue inapata habari. Push inafanya kazi kama ulivyotarajia. Kwa hiyo wiki za kwanza za Vue ni tamu kuliko za React. Shida huja baadaye, pale unapoitoa thamani nje ya kifuniko chake ukaiweka kwenye kibadilika cha kawaida, ufuatiliaji ukakatika kimyakimya. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Skrini imekaa tu.

Svelte ni ya Rich Harris, aliyeianzisha mwaka 2016 alipokuwa akifanya kazi chumba cha habari cha gazeti la The Guardian, mahali ambapo mchoro lazima ufunguke haraka kwenye simu ya msomaji. Wazo lake: kazi kubwa ifanyike kabla tovuti haijapelekwa kwa mtumiaji. Kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, inasoma ulichoandika na kukigeuza kuwa JavaScript inayojua iguse wapi, ili kivinjari kisilazimike kulinganisha nakala mbili za ukurasa. Kwa ukurasa mdogo, faili linalopatikana ni jepesi sana.

Angular ni ya Google, inaandikwa kwa TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data), na inakuja na kila kitu: njia za kurasa, fomu, mawasiliano na seva. Kwa miaka mingi ilitegemea Zone.js, inayotega sikio kwenye kila tukio la kivinjari na kisha kukagua komponenti zote. Mwaka 2023 ilianza kuleta signali, thamani zinazojua nani anazitumia, na sasa iko karibu na Vue na Svelte kuliko watu wanavyodhani.

Turudi kwenye kile kiti cha katikati, maana ndicho kipimo changu cha kama mtu ameelewa. Ukichora orodha ya majina ya abiria kwa React au Vue, utaombwa kuipa kila safu utambulisho, yaani key. Wengi huweka nafasi ya safu: 0, 1, 2. Ukifuta safu ya katikati, iliyokuwa namba 2 sasa ni namba 1, na fremuweki inaamini safu iliyoondoka ni ya mwisho. Kama maandishi yanakaa kwenye kisanduku chenyewe badala ya kwenye hali, jina la abiria wa katikati linabaki kwenye kiti cha mwenzake, na jina la mwenzake ndilo linalopotea. Weka namba ya kiti iwe key, tatizo linaisha. Aliyeutengeneza ukurasa huu kwa mkono anaelewa papo hapo kwa nini.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kama lengo ni ajira na huna mwajiri maalumu akilini, jifunze React. Si kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote. Kwa usanifu naona Vue na Svelte zimeipita. Ila ndiyo inayotumika zaidi, matangazo ya kazi za mbali yanaitaja kuliko nyingine, na kwa React Native, ndugu yake wa kutengenezea programu za simu, fikra zilezile zinakupeleka huko pia. Kama wanaokuzunguka wanaandika PHP kwa Laravel, fremuweki ya upande wa seva, chukua Vue bila kusita: tangu toleo la 5.3 la mwaka 2016 Laravel na Vue zimekuwa majirani, na kazi utakayopewa kesho itakuwa kwenye mradi ambao tayari upo. Angular jifunze ukiitwa mahali wanapoitumia, hasa taasisi kubwa zenye timu nyingi. Svelte ni ya anayefanya kazi peke yake na hana wa kumwomba ruhusa.

Na tovuti ya shule, hoteli au msikiti yenye kurasa tano za maelezo haihitaji yoyote kati ya hizi. HTML na CSS zinatosha, na mwenye simu ya bei nafuu atakushukuru. Watu huhesabu bando tu, wakasahau kwamba JavaScript ikishapakuliwa simu bado ina kazi ya kuisoma na kuiendesha, na hapo ndipo simu dhaifu inapoganda.

Kuhusu masomo, kagua umri wake kabla ya kumaliza nayo MB zako. Waliojifunza AngularJS ya 2010 walikuta toleo la 2 la mwaka 2016 limeandikwa upya kabisa. React nayo iligeuka mwaka 2019 ilipoleta hooks, fanksheni kama useState na useEffect, na uandishi wa klasi ukabaki kwenye miradi ya zamani. Kwa hiyo video ya React inayoanza na this.setState, ya uandishi huo wa klasi, au inayokuambia uanzishe mradi kwa Create React App, iliyostaafishwa rasmi mwanzoni mwa 2025, iache hata kama mwalimu ana maneno matamu. Anzisha mradi kwa Vite, na usome react.dev, tovuti rasmi ya React, pale wanapoeleza kufikiri kwa React, ukiwa na ukurasa wako wa viti pembeni.