Sturjoni: hesabu ba mama, usihesabu kilo

Jumamosi asubuhi niko soko la Kenya, hapa Lubumbashi, mama mmoja anafungua samaki ya Kasenga, pale mto Luapula, mbele yangu, tumbo imejaa mayai, ananiambia, "Papa, kamata hii, ya mayai njo tamu." Nikanunua. Lakini njia yote mpaka Katuba kichwa yangu ilikuwa mbali sana, kwa samaki mmoja anaitwa sturjoni, na leo nataka niwaeleze juu ya nini samaki huyo haniachi.

Kazi yangu ni samaki: kupima, kutafuta umri wao, kushauri wavuvi. Sturjoni ya ziwa iko Amerika ya Kaskazini, mgongo wake una sahani za mfupa, mdomo uko chini unafyonza vidudu kwa matope. Pale ziwa Winnebago, jimbo la Wisconsin, mwaka 2010 walitoa moja ya kilo 96. Jike anaweza kupita miaka 100. Lakini ukubwa si kitu, angalia uzazi: jike anafika miaka 20 na zaidi ndiyo anataga mara ya kwanza, halafu anapumzika miaka mitatu mpaka mitano ndiyo anataga tena. Yaani jike aliyezaliwa 2001, mwaka ule Mzee Kabila aliuawa, njo kwanza anaingia kwenye uzazi siku hizi. Mpale wetu wa Luapula, samaki wa jamii ya perege, ndani ya muda huo amekuwa bibi ya bibi ya bibi. Ukiua jike wa sturjoni wa miaka 30 umeua mtu ambaye ametaga labda mara mbili, tatu, basi.

Zamani hawakujua, ao walijua wakafunga macho. Karne ya 19 kwenye Maziwa Makuu ya kule sturjoni alikuwa adui, anapasua nyavu, wakamtupa, wakamchoma kama kuni kwenye meli za mvuke. Halafu bei ya kaviari, ndiyo mayai yake ya chumvi, ikapanda na hapo wakamaliza waliobaki. 1915 Wisconsin ikafunga uvuvi wake kabisa, mikuki ikarudi Winnebago mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Sasa hapa njo penye utamu. Leo wanavua kwa mkuki, Februari, ziwa limeganda barafu mpaka magari yanapita juu yake, mtu anakata shimo, anakaa ndani ya kibanda chenye giza anachungulia maji, saa zingine asubuhi nzima bila kuona kitu. Kila mtu samaki mmoja tu, chini ya sentimita 91 haruhusiwi, na lazima ampeleke siku ileile kwenye kituo apimwe, apasuliwe, waone ni dume ao jike, na kama jike, amekomaa ao bado. Juu yake kuna vikomo vitatu: cha majike waliokomaa, cha majike wachanga, cha madume, na jumla wanalenga isipite kama asilimia 5 ya samaki wakubwa wote. Saizoni ni siku 16 kwa mrefu, lakini kikomo kimoja chochote kikifika asilimia 90, kesho yake njo siku ya mwisho, kikifika 100 wanafunga siku ileile. Hata kama madume bado wengi! Mimi hiyo kanuni naipenda sana, juu kipimo cha urefu peke yake kinadanganya: ukisema tu "vueni wakubwa", wakubwa ni nani? Ni ba mama. Unakuwa umewatuma wavuvi moja kwa moja kwa wazazi.

Na umri nao una mtego wake. Tunahesabu miviringo kama ya mti, kwenye mfupa wa pezi ao kijiwe cha sikio. Mfupa wa pezi ni rahisi, samaki anabaki mzima, lakini kwa wazee miviringo inabanana na unasoma miaka pungufu. Wataalamu walihakikisha kwa kaboni iliyoenea hewani na majini kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 (na sisi watu wa Katanga tunajua urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe ilienda kwa mabomu ya Amerika): alama yake inabaki ndani ya samaki wa miaka ile, inaonyesha umri wa kweli. Kijiwe cha sikio kilisema kweli, pezi lilipunguza. Ukipunguza umri unafikiri samaki anakua mbio, ukifikiri anakua mbio unaruhusu wauawe wengi. Kosa dogo la hesabu, ziwa linalipa.

Hapa kwetu tuna kidonda chetu, pumbu wa Luapula. Si mzee kama sturjoni, lakini alikuwa anapanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, na palepale njo nyavu zilimngoja, mayai yake yanauzwa ghali, kamiyo (malori) zinakimbiza samaki Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kulisha watu wa migodi. Kuelekea 1950 pumbu alikuwa ameanguka, na mpaka leo hajarudi vile alivyokuwa. Kule Wisconsin, mto Wolf, sturjoni wakipanda kutaga, raia wanajitolea kukaa kwenye mawe usiku na mchana kuwalinda, samaki wako karibu unaweza kuwagusa kwa mkono. Kwetu upande wa Zambia wanafunga kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, lakini mimi mwenyewe nimeona mayai mabichi sokoni katikati ya Januari, na inaniuma kweli.

Kwa hiyo nimeanza daftari yenye safu tatu kama zao: jike mwenye mayai, jike bado, dume. Ba mama wa soko la Kenya wawili wamekubali nihesabu kwenye meza zao kila Jumamosi. Wengine wakitaka, naomba kitu kimoja tu, musitupe vichwa, munitunzie, vile vijiwe vya masikio vimo ndani.