Alaimenti ni uzi, balansi ni mizani

Juzi nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa mtu mwenye gari ya maana kabisa, Land Cruiser pikapu ile 79, kainyanyua inchi mbili, kaweka tairi za matope, anakwambia "kaka nimeshapiga alaimenti mara tatu na bado gari inatetemeka nikifika 90". Nikamuuliza inatetemeka au inayumba? Akajibu si ni kitu kimoja tu. Hapo ndo nikaona bora niandike mara moja niwe natuma tu, maana nimechoka kulieleza hili la watu kuchanganya alaimenti na balansi nikiwa nimesimama juani.

Haraka haraka basi. Alaimenti ni pembe. Ni namna tairi zilivyokaa ukizilinganisha na barabara, na chasi, na zenyewe kwa zenyewe. Uzito haumo humo hata kidogo. Pembe zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni toini, simama hapo ulipo uangalie vidole vya miguu yako, ukivielekeza ndani hiyo ni toini, ukivitanua kama bata hiyo ni toauti. Ya pili kemba, hayo ni matege, yaani ukiitazama gari kwa mbele unaona tairi kichwa chake kimelalia ndani au kimetoka nje. Ya tatu ni kasta, hiyo huioni kwa macho na ndo itakayotugombanisha huko chini.

Balansi ni kitu kingine kabisa. Tairi ikishavaa rimu inakuwa na upande mzito na upande mwepesi, fundi anaizungusha kwenye mashine, anagonga vile vyuma vidogo pembeni ya rimu mpaka uzito ulingane pande zote. Imeisha. Hata gari lisiwepo balansi inafanyika, unapeleka tairi nne kwenye guta unarudi nazo zimebalansiwa. Alaimenti jaribu kuipeleka kwenye guta tuone.

Sasa kwanini watu wanazichanganya? Mi nalaumu vitu viwili. Cha kwanza ni ule ukuta wa gereji, umeandikwa Alaimenti na Balansi kwa rangi moja, mstari mmoja, bei moja, mtu anasoma kama chai na maziwa. Cha pili ni neno letu wenyewe, "kusawazisha". Ukimwambia mtu "kusawazisha magurudumu" umesema zote mbili na hujasema hata moja, maana uzito unasawazishwa na mstari unasawazishwa.

Lakini ukiyarudisha haya maneno kwao hayafanani hata kidogo. Balansi ni ya Kilatini, bi ni mbili na lanx ni kitanga, vitanga viwili vya mizani, ile ile ya muuza karanga, huku kilo huku mzigo. Sisi tuna mizani yetu tuliyoipata kwa Waarabu na maana yake inaenda kulekule kwenye kupima uzito. Kwahiyo balansi ni mizani, ndani ya neno lenyewe kuna kilo. Alaimenti imepitia kwa Wafaransa, kwao ligne ni mstari, nao waliichukua kwenye linea ya Kilatini, na linea ilitoka kwenye linum, yaani kitani. Uzi wa kitani! Mstari kwa hao wazee ulikuwa ni uzi umevutwa ukakaza, kama fundi muashi anavyofunga uzi wake kona na kona kabla hajaweka tofali la kwanza. Na mafundi wa gari wa zamani hawakuwa na kompyuta, walikuwa wanavuta kamba kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele wanachungulia, na mpaka leo kuna watu wanapima toini hivyo na wanapatia. Alafu angalia na Kiswahili chenyewe, pembe tunazipima kwa nini? Kwa nyuzi. Nyuzi 90, nyuzi 45. Yaani tumezunguka Roma na Paris tumerudi palepale kwenye uzi. Ndo maana nasema ukikumbuka uzi na mizani huwezi kukosea tena, kinachopimwa kwa uzi ni alaimenti, kinachopimwa kwa mizani ni balansi.

Hapo nimemaliza la kwanza. La pili ndo linaloniudhi zaidi na linawahusu hawa ndugu zetu wanaonyanyua magari.

Mtu ananyanyua 79 yake kwa springi ndefu na shokapu mpya, anaipeleka kwenye mashine ya kompyuta, anapewa karatasi yenye namba za kijani, anarudi anasema nimefanya alaimenti. Nikiiangalia ile karatasi kilichorekebishwa ni toini peke yake. Na kwenye hii gari toini ndo pembe ambayo kuinyanyua HAKUIGUSI. Ekseli ya mbele ya 79 ni chuma kimoja kutoka tairi mpaka tairi, na ile rodi inayounganisha tairi mbili za mbele inapanda na kushuka pamoja na ekseli, we nyanyua bodi utakavyo, urefu wa rodi haubadiliki na tairi zinaendelea kuangaliana vilevile. Kemba nayo kwenye ekseli ya namna hii fundi hana bolti ya kuirekebisha, imekaa ilivyotoka kiwandani. Kwahiyo amelipia kurekebishiwa kitu ambacho hakikuharibika, na kilichoharibika kimebaki.

Kilichoharibika ni kasta. Kila upande wa ekseli tairi inageukia kwenye bawaba mbili, moja juu moja chini, kama mlango. Vuta uzi wako (tena uzi) upite katikati ya hizo bawaba mbili, alafu itazame gari kwa ubavuni. Ule uzi haujasimama wima, juu umelalia nyuma kidogo, kwahiyo ukiushusha mpaka chini unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi inapogusa. Maana yake tairi inaburutwa nyuma ya uzi, na kitu kinachoburutwa kinajinyoosha chenyewe. Angalia ile mikono inayoshika tairi ya mbele ya baiskeli, imelala, na ndo inayosaidia kijana kuachia mikono huku anaongea na simu. Na wewe ukimaliza kona ukalegeza mikono, usukani ukarudi wenyewe katikati, iliyokurudishia hapo ni kasta.

Kwenye 79 za kuanzia 1999, na kwenye Land Cruiser 80 ya zamani, ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chasi kwa nyuma. Ukinyanyua chasi, ile mikono inainama, na kwa kuwa imeibana ekseli kwa bushi mbili mbili (zile pete za mpira) ekseli nayo inajizungusha kidogo, ule uzi unaanza kusimama wima. Watu wanakadiria nyuzi moja kwa kila inchi. Land Cruiser 80 ya kiwandani ina kama nyuzi 3 tu, ukinyanyua inchi mbili umebakiwa na moja hivi. Hapo gari inakuwa kama imelewa, haitetemeki, ila unaisahihisha muda wote, lori la mafuta likikupita unahamishwa, kona ukimaliza usukani unabaki ulipouacha kama mtoto aliyenuna.

Dawa yake haiko kwenye ile mashine. Mashine inakusomea tu. Dawa ni bushi za kasta, zile ambazo tundu lake halijakaa katikati, zinairudisha ekseli nyuma nyuzi kadhaa, au ubadilishe mikono yenyewe uweke iliyotengenezwa kwa gari iliyonyanyuliwa. Kwenye magari ya zamani yenye springi za vyuma vilivyopangana, unaweka kabari kati ya springi na ekseli, kabari kama ya kupasulia kuni ila nyembamba. Na usizidishe, maana ukiizungusha ekseli kurudisha kasta, mdomo wa difu (lile boksi la gia kwenye ekseli) nao unageuka na propela shafti inayouingia inaanza kulalamika. Kuna wanaofunga stelingi dampa kubwa (kile kishokapu cha kutuliza usukani) wakidhani wamemaliza, bana hiyo ni kumeza panadol jino limeoza.

Kingine, ukinyanyua hizi gari usukani unakaa upande, unaendesha moja kwa moja huku nembo imeangalia dirishani. Hiyo ni kwa sababu rodi inayotoka kwenye boksi la stelingi imebadilisha mlalo wake. Fundi anairekebisha dakika kumi, nembo inanyooka, mteja anafurahi. Usukani kukaa sawa ni usukani kukaa sawa tu, sio alaimenti.

Wenye Hilux za kuanzia Vigo na wenye Prado msicheke, nyie ni tofauti. Kila tairi yenu ya mbele inajitegemea, kwahiyo ukiweka spesa (kile kipande cha juu ya shokapu cha kunyanyulia gari) pembe zote tatu zinahama siku hiyohiyo, toini ikiwemo, na tairi mpya utaziona zimelika kama kisu kabla mwaka haujaisha. Mna bolti za kurekebishia kwenye mikono ya chini, lakini zina mwisho, ukishapita inchi mbili fundi anazimaliza zote kwenye kemba ili tairi isilike, kasta inabaki haina chake. Ndo watu wananunua mikono ya juu ya kubadilisha. Tuishie hapo.

Sasa yule jamaa wa 79. Nilimwambia tulale chini ya gari kwanza kabla hujalipa alaimenti ya nne. Ndani ya rimu ya mbele kushoto kulikuwa na tope limekauka limeganda kama chapati, katoka nalo shamba wiki mbili nyuma, na akiosha gari anaosha nje tu. Tukalikwangua na bisibisi. Kutetemeka kwa 90 kukaisha palepale, yaani kilikuwa kitu cha mizani siku zote na yeye alikuwa anakitafuta kwa uzi. Akafurahi sana, ila njiani nikamwambia hebu legeza mikono ukimaliza hii kona. Akalegeza. Usukani ukabaki palepale, akaushika haraka.

Akasema "sa hii si balansi?" Nikamwambia hapana kaka, hii ndo alaimenti sasa, ila sio ile uliyofanyiwa. Ukirudi kule usiwaambie "nifanyieni alaimenti", waambie wakusomee kasta, kushoto na kulia, na simama uangalie. Kasta inapimwa kwa kuzungusha usukani kushoto kisha kulia, tairi za mbele zikiwa juu ya zile sahani zinazoteleza. Akakuna kichwa, akasema mara zote tatu usukani ulikuwa umefungwa na ile fimbo hauchezi.